Kijiji cha wavuvi ambako pwani haina ukuta

Wamama na dada wapenzi, wengi wenu mumetuuliza tulichoona Martinique, tulipoenda na mama kumtembelea dada yetu mkubwa aliyeolewa huko. Martinique ni kisiwa cha bahari ya Karibi. Kinatawaliwa na Ufaransa, lakini wenyeji wake wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Leo tutawaeleza juu ya kijiji kimoja tu, Les Anses-d'Arlet, maana kina jambo linalotuhusu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu.

Kijiji kiko kusini-magharibi ya kisiwa. Kanisa la Mtakatifu Henri linatazama bahari, na mbele ya mlango wake gati inaingia moja kwa moja majini. Nyumba ni za chini, zenye rangi mbalimbali, na hakuna mtu mwenye haraka. Asubuhi wavuvi wanarudi na mitumbwi ya injini, wanapanga samaki mezani, mnunuzi anachagua, anapimiwa, analipa. Mama alikaa hapo saa nzima. Hakujua Kikreoli, wala muuzaji hakujua Kiswahili, lakini walielewana vizuri: mmoja alifungua mashavu ya samaki, mwingine akatazama jicho. "Samaki ni jicho," mama alituambia, "hapa na Bukavu ni mamoja."

Saa sita tulikula mandazi madogo yenye pilipili, wanayaita accras. Ndani yake kulikuwa nini? Makayabu! Zamani samaki huyo wa chumvi aliletwa visiwani kutoka bahari za baridi, kwa sababu alikuwa chakula cha bei ya chini cha kulisha watumwa. Leo wajukuu wao wamemfanya chakula cha sikukuu.

Pwani za jirani ziko karibu karibu. Grande Anse kuna kasa wanaokula majani chini ya maji. Kuwatazama ni ruhusa, kuwagusa ni marufuku. Mbele kidogo kuna Anse Dufour yenye mchanga mweupe, na ng'ambo ya mwamba kuna Anse Noire ambako mchanga ni mweusi, kwa ajili ya volkano, kama ule tunaoujua upande wa Goma. Unashuka ngazi ndefu kufika huko. Mama alishuka polepole, akaketi, akaweka miguu majini.

Siku ya mwisho tulipita barabara ya pwani hadi Anse Caffard, karibu na mji wa Le Diamant. Hapo zimesimama sanamu nyeupe 15, ndefu kuliko mtu, vichwa vimeinama. Zilitengenezwa na Laurent Valère mwaka 1998, kukumbuka watu waliokufa Aprili 1830, wakati merikebu iliyobeba watumwa kwa siri ilipovunjika mbele ya pwani ile. Mama aliuliza, "Wanatazama wapi?" Dada akajibu, "Wanatazama Afrika." Utumwa ulikomeshwa kisiwani mwaka 1848, lakini kati ya 1857 na 1862 Ufaransa ilileta tena Waafrika zaidi ya 10 000 kufanya kazi mashambani kwa mkataba, na wengi wao walitoka upande wa mlango wa mto Congo. Hadi leo huko wanawaita Wakongo. Mama hakusema neno tena mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Katika siku hizo zote hatukukuta ukuta unaozuia watu kufika majini. Mvuvi anakausha nyavu, watoto wanaogelea, bibi anauza maji ya nazi, mgeni analala mchangani, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Dada alitueleza kwamba tangu wakati wa wafalme kuna ukanda wa pwani unaoitwa hatua hamsini, yaani karibu mita 81 kutoka majini, ambao ni mali ya serikali. Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwahurumia maskini. Mfalme alitaka nafasi ya kulinda kisiwa chake. Hata hivyo imewafaa maskini, maana pwani imebaki ya wote, na hata mwenye hoteli hana ruhusa ya kufunga mchanga.

Wamama, munajua hali ya mtaa wetu. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na njia tatu za kushuka ziwani. Leo imebaki moja, na ukuta mwingine unajengwa pembeni yake. Kwa njia hiyo tunachota maji bomba likikauka, tunafua nguo, na wauzaji wa sambaza wanashuka alfajiri kungojea mitumbwi. Ikifungwa, mwenye ukuta hatapungukiwa na kitu. Sisi tutanunua maji kwa bidoni, na mama wa sambaza atanunua samaki kwa mtu wa kati.

Tunaomba jambo hili lizungumzwe katika mkutano wetu ujao, tuandike barua, tuipeleke sote pamoja kwa mkubwa wa mtaa kabla ukuta haujafika majini. Nanyi bibi zetu munaokumbuka njia mbili zilizofungwa, tafadhali muje mutuonyeshe zilipopita.