Maajabu ya Nchi ya Venezuela

Kaskazini mwa bara la Amerika ya Kusini, mahali ambapo bahari ya Karibi hupiga pwani, iko nchi iitwayo Venezuela. Watu wengi huijua kwa habari ya mafuta ya petroli yanayochimbwa huko. Walio wachache ndio waijuao kwa maajabu yake, ambayo yalikuwapo kabla ya kuchimbwa hata kisima kimoja.

RADI ISIYOCHOKA

Upande wa magharibi wa nchi hiyo kuna ziwa kubwa liitwalo Maracaibo. Pale mto Catatumbo unapoingia ziwani, radi hupiga karibu kila usiku. Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu zilizopatikana kwa chombo kilichorushwa angani, wakasema kuwa ziwa hilo hupata ngurumo siku 297 kwa mwaka, na kwamba mahali palipo na radi nyingi zaidi, umeme humweka mara 233 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Hapakuonekana mahali pengine duniani panapolingana napo. Mahali pa pili ni Kabare, katika Kivu ya Kongo, ambapo hesabu ni 205. Basi watu wa Kivu wakisema kuwa wanaijua radi, hawajisifu bure.

Sababu yake si uchawi. Jua hupasha maji ya ziwa joto mchana kutwa, na mvuke mwingi hupanda. Ziwa limezungukwa na milima mirefu pande tatu. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani, ikakutana na hewa ya joto yenye unyevu, ikaisukuma juu. Ndipo mawingu makubwa ya ngurumo hutokea.

Mabaharia wa zamani waliutumia mwanga huo kuwaonyesha njia, wakauita Taa ya Maracaibo. Jimbo la Zulia, lililozunguka ziwa hilo, limeweka mchoro wa radi katika bendera yake. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2010 ukame mkali uliishika nchi, na radi ikanyamaza kwa majuma mengi mpaka mvua iliporudi.

MAJI YAANGUKAYO KUTOKA MAWINGUNI

Kusini-mashariki kuna milima ya ajabu iitwayo tepui. Pande zake zimesimama wima kama kuta, na juu ni tambarare kama meza. Katika mmoja wa milima hiyo, Auyán-tepui, kuna maporomoko ya maji yaliyo marefu kuliko yote ya nchi kavu duniani. Urefu wake ni meta 979, yaani zaidi ya futi 3,200. Wakati wa kiangazi maji mengi hugeuka ukungu kabla ya kufika chini.

Wenyeji wa kabila la Wapemon huyaita Kerepakupai Merú, lakini ramani nyingi huyataja kwa jina la Angel. Jimmie Angel alikuwa rubani Mwamerika aliyeyaona mwaka 1933 alipokuwa akitafuta dhahabu. Mwaka 1937 alirudi pamoja na mkewe Marie na wenzao wawili, akatua juu ya mlima. Magurudumu ya ndege yalizama matopeni isiweze kuruka tena. Wote wanne walishuka kwa miguu, wakatembea siku 11 mpaka wakafika kwa watu. Dhahabu hawakuipata. Ndege yao ilikaa huko juu miaka 33, hata ikateremshwa kwa helikopta mwaka 1970.

Juu ya tepui udongo ni haba, na mvua huuosha rutuba yake. Kwa hiyo iko mimea ambayo imejifunza kula wadudu: majani yake yamejikunja mfano wa kikombe chenye maji, na mdudu atelezaye humo hatoki. Yupo pia chura mdogo mweusi asiyejua kuruka. Akiona adui hujikunja, akabingirika mteremkoni kama kijiwe.

PANGO LA NDEGE NA SAMAKI WA UMEME

Mwaka 1799 mtaalamu Mjerumani, Alexander von Humboldt, alifika Caripe, akaingia katika pango kubwa la ndege waitwao guacharo. Ndege hao hulala gizani mchana, na usiku hutoka kutafuta matunda. Ndani ya pango hutoa milio mifupi na kusikiliza mwangwi wake, kama wafanyavyo popo, wasije wakagonga mawe. Makinda yao hunenepa mno, hata wenyeji wa siku hizo waliyachemsha kupata mafuta ya kupikia na ya taa.

Mwaka uliofuata Humboldt aliwaona samaki wenye umbo la nyoka, wenye umeme mwilini. Wavuvi waliingiza farasi dimbwini ili samaki wamalize nguvu zao kwa kuwapiga. Farasi wawili walizama kwa mshtuko. Wasomaji wengi baadaye waliiona habari hiyo kuwa chumvi tupu. Lakini mwaka 2016 mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Catania, alionyesha kuwa samaki huyo kweli hurukia juu ya maji kumpiga adui.

BARAFU ILIYOKWISHA

Ajabu la mwisho ni la huzuni. Katika milima ya Mérida palikuwa na barafu ya kudumu mahali sita, ingawa nchi iko karibu na Ikweta. Moja baada ya nyingine ziliyeyuka kwa sababu ya joto la dunia kuzidi, ikabaki moja tu, karibu na kilele cha Humboldt. Serikali iliamua kuifunika kwa turubai ili kuikinga na jua, lakini wataalamu wengine walionya kuwa dawa hiyo imechelewa. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa kipande kilichobaki ni kidogo mno, hakistahili tena kuitwa mto wa barafu.

Habari hii si ya mbali kwa watu wa Kenya. Halford Mackinder alipofika kileleni mwa Mlima Kenya mwaka 1899, barafu ilikuwa nyingi kuliko ilivyo leo. Sehemu nyingine zimekwisha kabisa, na zilizobaki hupungua mwaka hata mwaka. Radi ya Catatumbo ilinyamaza, kisha ikarudi na mvua. Barafu ya Mérida haina mvua ya kuirudisha upesi hivyo. Wahenga walisema: maji yakimwagika hayazoleki.