Tulimdhani Mjeuri

Yatupasa kuungama kosa letu. Hapa Geita yuko mwanafunzi wetu wa zamani, sasa mtu mzima, asagaye mawe ya dhahabu kwenye karasha. Tukimsalimu hutazama chini, na jibu huja baada ya kimya kirefu. Siku moja barazani, mbele ya watu, tulimwita mjeuri. Tangu hapo hakufika tena.

Dada yake akatueleza kwamba ana usonji, hali ya kuzaliwa nayo. Daktari Leo Kanner aliiandika huko Marekani mwaka 1943 kwa habari za watoto. Na watoto hukua.

Tukamwendea kumtaka radhi. Akasema: "Maalim, watu wakizungumza pamoja, sauti zote huniingia kwa nguvu moja. Nikikutazama machoni, maneno hunipotea. Na siku ile uliponiambia 'njoo kesho,' nilikuja, nikangoja hata magharibi."

Kumbe sisi tulisema kwa desturi tu; yeye alishika ahadi. Miaka mingi tumesomesha Surat Abasa, iliyoshuka kwa sababu ya kipofu aliyekunjiwa uso; nasi huyu tukamkunjia.

Usukumani "Mwangaluka" hufuatwa na maswali mengi. Kwake sasa twauliza moja, kisha twangoja. Jibu huja, nalo ni la kweli. Enyi wazazi na vijana, msimhukumu mtu kwa macho yake kabla hamjampa nafasi ya kusema.