Usiku mtamba wa shangazi alipomkataa ndama wake

Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, baridi inakupokea kabla hujafika. Barabara inapita kwenye migomba, chai na maparachichi, na mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Majani hayakosekani, ndiyo maana nyuma ya nyumba nyingi za Rungwe utakuta banda lenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wanaokatiwa majani na kuletewa hapo hapo.

Nilifika kwa shangazi Jumamosi jioni nikitarajia kupumzika. Nikamkuta bandani na mama jirani, wakimwangalia mtamba aliyekuwa karibu kuzaa uzao wake wa kwanza.

Shangazi hakumnunua mtamba huyo. Alimpata kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa familia nyingine inayosubiri zamu. Iliyokuwa inasubiri ni familia ya huyo jirani, mama wa watoto watatu. Alikuwa ameshajenga banda na kupanda mabingobingo.

Saa 5 usiku ndama alitoka, jike. Tulishangilia mapema mno. Mtamba alisimama, akageuka, akamwona yule mdogo aliyelowa, akaruka kwa hofu. Ndama alipojikongoja kutafuta kiwele, alipigwa kichwa akaanguka. Mara ya pili alipigwa teke.

"Huyu ng'ombe ana roho mbaya," nikasema.

"Usimseme hivyo, mwanangu," shangazi akajibu. "Hajui kilichompata. Ana maumivu, ana woga, na tangu azaliwe hajawahi kunyonywa."

Bwana mifugo aliyepigiwa simu alisema hivyo hivyo. Mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza mara nyingi kiwele chake kimevimba na kinauma kikiguswa. Kelele na watu wengi huongeza hofu. Akatuambia tutoke wote, abaki shangazi peke yake.

Lakini ndama hawezi kusubiri mpaka hofu iishe. Ng'ombe hampi ndama kinga akiwa tumboni; kinga yote ya mwanzo imo kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Utumbo wa ndama huipokea vizuri katika saa chache za mwanzo, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Ndama aliyekosa dang'a anaweza kuonekana mzima leo, kisha akafa kwa kuhara wiki ijayo.

Shangazi akamtenga ndama kwenye kona, nyuma ya mbao mbili, mama yake aweze kumwona na kumnusa bila kumfikia. Akamfunga mtamba kamba fupi, akamwekea pumba, akakikanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu huku akizungumza naye polepole. Akakagua chuchu kama zina vidonda, kisha akakamua. Lita 2 za kwanza zikaingia kwenye chupa yenye chuchu ya mpira, na ndama akanyonya akiwa amesimama. Kummiminia mdomoni kwa nguvu ni hatari, maana maziwa yanaweza kwenda kwenye mapafu. Kitovu kikachovywa kwenye aidini. Alfajiri akapewa nyingine.

Ute wa uzazi hakuufuta wote. Harufu yake ndiyo inayomtambulisha mtoto kwa mama. Akanyunyiza na chumvi kidogo mgongoni mwa ndama, ili mama avutike kulamba.

Nami nikapata kazi yangu: kuwazuia watoto wasionje dang'a mbichi, na kuhakikisha kondo la nyuma haligusi mkono usio na glovu. Ugonjwa wa brusela, unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, humpata binadamu kwa njia hizo, ukamwachia homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo. Maziwa yachemshwe, na mjamzito asishiriki kuzalisha ng'ombe.

Jumapili ndama alipelekwa kunyonya mara nne, mama akiwa amefungwa. Mara mbili za kwanza yalikuwa mateke. Ya tatu alitulia akila pumba. Jumatatu asubuhi aligeuza shingo, akanusa, akaanza kulamba. Tuliokuwa mlangoni hakuna aliyethubutu kukohoa.

Shangazi anasema safari ijayo ataanza mapema: wiki kadhaa kabla ya kuzaa atamzoesha mtamba kupigwa brashi na kuguswa kiwele bila kukamuliwa, ili mkono wa mtu usiwe jambo geni siku ya uchungu.

Kwenye kliniki za mama na mtoto nimewasikia wazazi wa uzao wa kwanza wakiambiwa hawana upendo kwa sababu maziwa yamechelewa au wanalia usiku. Mtu si ng'ombe, na huzuni inayozidi wiki mbili baada ya kujifungua inahitaji mhudumu wa afya. Hata hivyo, neno la shangazi linafaa nyumbani pia: kabla ya kumlaumu mama, uliza anaumwa wapi na anaogopa nini, na mtoto alishwe wakati mnasubiri.

Ndama atahamia kwa jirani akishaacha kunyonya. Kwa sasa mama jirani huja kila jioni na mzigo wa mabingobingo kichwani, anauweka mbele ya mtamba, anamsalimia, anarudi kwake.