Mgeni Ana Haki ya Kukagua Nyumba



Siku hizi hujaji anayekwenda ng'ambo si lazima afikie kwenye nyumba ya watawa. Vyumba vya masista hujaa mapema, na kundi likiwa kubwa, hesabu inakuwa nafuu zaidi mkipanga nyumba nzima ya mtu kwa siku chache kupitia simu. Mnalipa, mnatumiwa namba ya kufungulia kisanduku chenye ufunguo, mnaingia. Mwenye nyumba mnaweza msimwone hata siku moja. Ndivyo tulivyokaa watu 11 wa parokia yetu wakati wa Jubilei ya Vijana, Roma, kuanzia 28 Julai hadi 3 Agosti 2025.

Tuliporudi, paroko aliniomba nizungumze na vijana kuhusu safari. Nilidhani wataniuliza habari za Mlango Mtakatifu. Waliuliza, lakini maswali mengi yalikuwa juu ya ile nyumba: tuliipataje, ilikuwaje, ni salama? Nami nikaona kwamba neno "salama" kwetu lina sura ya mwizi. Tukisema nyumba ni salama tunamaanisha ina nondo madirishani, geti, mlinzi, na kufuli mbili. Usiku baba anazunguka kukagua milango kisha anaondoka na ufunguo hadi chumbani kwake. Tunalinda mlango dhidi ya aliye nje.

Sisemi mwizi hayupo Ulaya. Yupo, na kwenye treni za chini ya ardhi za Roma ana vidole vyepesi kuliko wa Kariakoo. Kuna pia mwizi wa kwenye simu, anayetangaza nyumba isiyokuwepo na kukuomba umtumie fedha moja kwa moja nje ya mtandao uliokodi, ili "mkwepe makato". Huyo ukimlipa hivyo, hakuna wa kukurudishia. Lakini mambo haya watu wetu wanayaelewa haraka, maana matapeli tunao. Wasilolielewa ni hatari iliyomo ndani ya nyumba yenyewe, ambayo mlango ukifungwa vizuri ndipo inapopata nguvu.

Mimi nimezaliwa Njombe. Anayeijua Njombe ya mwezi Juni na Julai anajua kwa nini watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa blanketi. Na anajua kwa nini asubuhi nyingine jirani hugonga mlango bila kuitikiwa. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi mtu. Ikiingia kwenye damu huishikilia chembe inayobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, basi mtu anapumua kama kawaida huku mwili wake ukikosa hewa. Bibi zetu hawakuwa na jina la gesi hiyo, ila walikuwa na amri: jiko lilale nje.

Ng'ambo jiko halionekani. Limo ndani ya kabati jeupe ukutani, jikoni au bafuni, nalo huitwa hita ya maji, au boila. Unafungua bomba, linawaka lenyewe, maji ya moto yanatoka. Moshi wake unapaswa kutoka nje kupitia bomba lake. Bomba likichomoka kwenye kiungo, au ndege akijenga kiota kwenye mdomo wake, moshi unarudi ndani. Nyumba za nchi za baridi zimejengwa zisipitishe upepo, na hata wakati wa joto madirisha hufungwa kwa ajili ya kiyoyozi na kelele za barabarani. Mtu wa Njombe aliyekatazwa mkaa tangu utotoni anaweza kuoga raha mustarehe chini ya jiko lisilo na bomba, kwa sababu halifanani na jiko analolijua.

Katika nyumba yetu, aliyelitazama kabati hilo tangu siku ya kwanza alikuwa sista mmoja muuguzi, mtu mzima, aliyefuatana nasi. Kabla hajafungua begi alizunguka nyumba nzima. Alijaribu dirisha la kila chumba kama linafunguka. Alitafuta mtungi wa kuzimia moto. Alibonyeza kitufe cha kile kifaa kidogo cha darini hadi kikalia, vijana wakacheka. Sheria ya Italia inazitaka nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache ziwe na vifaa vya kutambua gesi na kaboni monoksidi, pamoja na mitungi ya kuzimia moto, na kila nyumba iwe na namba yake ya utambulisho wa kitaifa, iliyobandikwa mlangoni na kuandikwa kwenye tangazo. Tangazo lisilo na namba hiyo ni la kuachwa. Sista alikuwa amelisoma hilo kabla ya kuondoka Tanzania.

Jumapili ya 3 Agosti tulirudi kutoka Tor Vergata, tulikokesha usiku na kusali Misa asubuhi pamoja na umati ambao sijawahi kuuona maishani. Tulikuwa vumbi tupu. Watu 11 wakapanga foleni ya kuoga, maji ya moto yakatoka mfululizo kwa zaidi ya saa moja, madirisha yamefungwa. Wawili walikuwa wamejilaza wakilalamika kichwa na kichefuchefu, tukasema ni jua la mchana. Kifaa cha darini kikaanza kulia.

"Sista, hiyo betri imekwisha tu," kijana mmoja akasema, tayari amepanda kiti ili akitoe.

"Betri ikiisha hulia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena. Hii hainyamazi. Shuka hapo mwanangu. Wote nje. Frateri, wahesabu watu."

Tulishuka ghorofa nne kwa ngazi, wengine na taulo. Nikahesabu 11. Sista alipiga 112, namba ya dharura inayofanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya hata kama simu haina salio. Zimamoto walipanda na kipimo chao, wakafunga gesi, wakatuonyesha bomba la moshi lililokuwa limeachana na hita kwa upana wa vidole viwili hivi. Wale wawili walipelekwa hospitali wakawekewa oksijeni, wakarudi usiku uleule. Bima ya safari, ambayo kila anayeomba viza ya Schengen hudaiwa iwe na kinga ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ndiyo iliyolipa. Karatasi yake ilikuwa kwenye mkoba wa Sista, si kwenye sanduku lililobaki juu.

Wengine hawakupata kifaa cha kuwaamsha. Oktoba 2022, Wamarekani watatu waliokwenda Mexico City kwa sherehe za Siku ya Marehemu walikutwa wamekufa katika nyumba waliyopanga. Mmoja wao alikuwa amezungumza na mpenzi wake kwa simu akisema hajisikii vizuri. Desemba 2018, wanafunzi kumi wa sekondari kutoka Seoul walipanga nyumba ya mapumziko Gangneung, Korea Kusini, kusherehekea kumaliza mtihani wa kuingia chuo kikuu. Watatu walikufa, saba wakanusurika. Bomba la moshi la boila lilikuwa limechomoka.

Nikiwa darasani nimefikiri sana juu ya yule kijana kwenye kiti. Hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu. Kwetu mgeni hakagui nyumba ya mwenyeji. Ukianza kubonyezabonyeza vitu vya darini utaonekana umemdharau aliyekupokea. Kengele ikilia, mgeni mwema huona haya kwa niaba ya mwenye nyumba na kutaka kuinyamazisha. Nadhani adabu hii ni nzuri mahali pake, yaani pale ambapo mwenyeji analala chini ya paa lilelile na mgeni. Mwenyeji huyo hewa yenu ni moja. Katika nyumba ya kupanga kwa simu, mwenyeji analala mtaa mwingine, na jicho la kuona kasoro limebaki ni la mgeni peke yake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye nyumba ile alikuja usiku ule akitetemeka, akamshika Sista mikono yote miwili.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembezoni mwa dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Wajibu wa kwanza basi ni wa mwenye nyumba, na sitaki makala hii imwondolee. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anahesabu tahadhari kuwa sehemu ya fadhila ya busara, kwa hoja kwamba katika mambo ya kutenda, baya huweza kuvaa sura ya jema. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifikiria vishawishi vikubwa. Sasa nafikiria pia maji ya moto.

Vijana wa jimbo letu wameanza kuchangia safari ya Siku ya Vijana Duniani, Seoul, 3 hadi 8 Agosti 2027. Nimeiomba kamati iweke kwenye bajeti kifaa kimoja cha kutambua kaboni monoksidi kinachotumia betri kwa kila nyumba itakayopangwa. Kinaenea kwenye kiganja. Kiwekwe sehemu ya kulala, maana aliyelala hasikii kichwa kikimuuma. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja bila homa, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, hilo si jua wala chakula. Ufunguo wa mlango ubaki karibu na mlango usiku, wote wajue ulipo. Huko kuna milango ambayo hata aliye ndani haifungui bila ufunguo. Na namba zibadilishwe kwenye simu kabla ya kupanda ndege: Korea Kusini, 112 ni polisi. Zimamoto na gari la wagonjwa ni 119.