Mchina wa mlimani na dawa ya homa

Nani kwetu asiyeijua malaria? Tulipokuwa watoto tulinyweshwa kinini, tena mama alituchemshia majani, maana kwake dawa isiyopita motoni si dawa. Mdogo wetu alikufa hata hivyo.

Kumbe Mchina Ge Hong, aliyezaliwa mwaka 283, alifanya vingine. Aliacha mambo ya wakubwa, akajitenga katika mlima Luofu, akitafuta dawa ya kutokufa. (Hiyo hakuipata, alikufa kama watu wote.) Lakini aliandika kitabu cha dawa za haraka, zisizo za bei kubwa. Mwenye homa achukue konzi ya majani ya qinghao, ayaloweke majini, ayakamue, anywe. Moto hakuutaja.

Mwaka 1971 bibi Tu Youyou, huko Beijing, alikuwa amekwisha kuhangaika na majani hayo. Aliposoma maneno yale akafahamu: moto ndio ulioharibu dawa. Akaitoa kwa eteri, bila joto kali. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Vidonge wanavyopewa watoto wetu leo hutokana na majani yale. Mdogo wetu hakuvipata.