Muziki majini: chagua maji kwanza, kifaa baadaye

Ukitafuta kwenye intaneti kifaa cha kusikilizia muziki unapofanya mazoezi ndani ya maji, utakutana na ushauri mwingi wa watu wenye mabwawa ya kuogelea. Maji yao yanaonekana mpaka chini, na pembeni amekaa mlinzi na filimbi yake. Sisi wa Ngara na Biharamulo tunausoma ushauri huo, kisha tunanyanyua macho na kuuona mto Ruvubu. Humo mamba na viboko nao wana ratiba yao ya mazoezi.

Jambo hili limenigusa kwa sababu ya goti. Niliumia nikicheza mpira, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanishauri nitembee na kuogelea majini mara tatu kwa wiki. Sababu yake inaeleweka. Ukisimama kwenye maji ya kifuani, miguu inabeba sehemu ndogo tu ya uzito wako, lakini misuli inafanya kazi kwelikweli kwa kuwa maji yanakupinga kila unapopiga hatua. Ubaya wake ni kwamba kutembea majini nusu saa, kwenda na kurudi, kunachosha akili kabla ya mwili. Bila sauti ya kunisindikiza, dakika kumi nyingi. Goti nalo halitaki dakika kumi.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata nayaweka hapa, maana najua nisiye peke yangu.

Kwanza, Bluetooth. Vijana wengi tuna simu na hedifoni zisizo na waya, tukidhani kazi imekwisha. Bluetooth inatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo haraka sana. Kichwa kikizama sentimita chache tu, muziki unakatika, hata kama simu umeifunga kiunoni ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kwa hiyo anayeogelea kweli, uso ndani ya maji, anahitaji kifaa chenye nyimbo ndani yake chenyewe. Anayetembea tu, kichwa kikiwa juu, hedifoni za Bluetooth zinamtosha, na simu anaiacha kwenye kiti hatua chache kutoka alipo.

Pili, neno "waterproof" kwenye boksi halikuambii kitu. Tafuta namba. IPX7 maana yake kifaa kimepimwa kwenye maji yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, na mtengenezaji ndiye anayetaja kina na muda, kwa hiyo soma maelezo yake. Kumbuka maji ya kipimo yametulia. Ya kwako unayapiga kwa mikono na miguu. Boksi lisilo na namba yoyote, mwachie mwenye duka.

Tatu, nyimbo zenyewe. Nyimbo unazosikiliza kwa kulipia mtandaoni huwezi kuzihamishia kwenye vifaa hivi. Vinataka faili za kawaida kama MP3. Hapa sisi wa wilayani hatuna shida, maana bado tunavijua vile vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. GB 4 zinaonekana chache siku hizi, lakini wimbo wa dakika nne kwa ubora wa kawaida unachukua karibu MB 4, kwa hiyo unapata kama nyimbo elfu moja. Goti halijaomba zaidi ya hapo.

Nne, namna sauti inavyofika. Aina ya kwanza inaziba tundu la sikio, kama Sony NW-WS413 iliyotoka 2017: GB 4, inavumilia hata maji ya chumvi mpaka mita 2. Aina ya pili inakaa mbele ya sikio na kupitisha mtetemo kwenye mfupa, kama Shokz OpenSwim, yenye GB 4 na isiyo na Bluetooth kabisa. Ndugu yake, OpenSwim Pro ya 2024, ina GB 32 na Bluetooth ya kutumia ukiwa nchi kavu. Wazo la mfupa si geni. Kampuni ya FINIS ilishatengeneza miaka ya 2000 kifaa cha kubana kwenye mkanda wa miwani ya kuogelea na kulalia mfupa wa shavu.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya pesa nilipofika Biharamulo kumsalimia mjomba wangu. Nikamweleza mpango: nikiwa nyumbani, nitashuka ziwani upande wa Nyamirembe, niweke hedifoni, nitembee majini. Wakubwa wa huko bado wanaihesabu Nyamirembe kuwa ni Biharamulo, ingawa siku hizi iko wilaya ya Chato, na tangu 2012 Chato iko mkoa wa Geita.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hizo hedifoni zinaziba masikio?"

"Nyingine zinaziba mjomba, nyingine hapana."

"Zikiziba, nani atakuambia mtumbwi wa injini unakuja?"

Nikamweleza kuhusu zile za mfupa. Akatikisa kichwa. "Hata usipoziba sikio, akili yako itakuwa kwenye wimbo. Mvuvi atapiga kelele, wewe utadhani ni kibwagizo."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mtu wa Kagera wa umri wake hachezi na ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na ni familia chache za mkoa huu zisizomjua hata mmoja aliyekuwa ndani. Kwa wazee wetu ziwa ni njia na ni chakula. Kwenda kutembea ndani yake umeziba masikio, hilo halina jina.

Nami nikiri kwamba hoja yake inashinda maelezo yote ya kwenye boksi. Kwenye bwawa sikio halina kazi kubwa ya ulinzi. Ziwani sikio ndilo mlinzi wako, kwa sababu macho yamo ndani ya maji au yanaangalia mbele tu. Na ukikimbia mitumbwi ukabaki pembeni kwenye majani, hapo ndipo penye konokono wa kichocho. Vijidudu vyake vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na nusu saa ya kutembea taratibu ni karamu kwao. Dawa ipo, praziquantel, na aliyekwisha kuingia maji hayo aende kupima. Lakini kutibu goti kwa kununua kichocho ni biashara ya hasara. Mito ya Ruvubu na Kagera wala tusiizungumzie.

Mjomba alimaliza kwa kunionyesha redio yake iliyoning'inia mlangoni. Huku tumekulia kwenye redio. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati wilaya ilipokuwa imejaa watu waliokimbia kutoka Rwanda na Burundi. Kwizera ni matumaini. Redio ya mkono ilikwenda shambani, ikaenda kisimani, na ilikuwa na sifa moja ambayo hedifoni nyingi hazina: iliyaacha masikio yako kwako. Ulisikia taarifa ya habari, na ulisikia pia mtu akikuita kwa nyuma.

Hapo nikapata jibu langu. Ninaishi Mwanza kwa ajili ya kazi, na huko yako mabwawa ya hotelini ya kulipia. Siku za kutembea majini naweka spika ndogo pembeni mwa bwawa, sauti ya chini isiyosumbua wengine. Siku za kuogelea natumia kifaa cha mfupa chenye nyimbo ndani yake. Nikitoka nakisuuza kwa maji safi, nakikausha vizuri, ndipo nakichaji. Dawa ya bwawa ikibaki kwenye sehemu ya chaji, chuma kinaliwa. Nikirudi nyumbani, siku hizi bila kusubiri kivuko kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025, goti linafanya mazoezi ya nchi kavu uani kwa mjomba, redio ikiwa imewashwa.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue kipi, nitakuuliza kwanza unaingia maji gani. Kama ni bwawa, chagua kwa namba na kwa mfuko wako. Kama ni ziwa, usiende peke yako, na masikio yako yabaki kazini. Na kama bado hujui kuogelea, hiyo pesa ya kifaa mpe mwalimu wa kuogelea. Tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika mlangoni kwetu, lakini tangu utoto wangu sijaona bwawa la umma Biharamulo wala Ngara ambako mtoto wa shule angejifunza. Mimi niliumia goti nikapata sababu ya kulipa hotelini. Mtoto wa mvuvi anaingia majini kila siku, na hakuna anayemfundisha.