Panga Jipya Lapanda Uluguru

Leo nataka kuwachukua mpaka Mgeta, katika milima ya Uluguru, na katika safari hiyo tutabeba panga. Najua kila nyumba inalo. Mama analo la kuchanjia kuni, baba analo la kufyekea shamba, na kijana anatamani kulishika la baba yake. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kulijaribu panga lake kabla ya kulitegemea? Mimi sikuwahi, hata siku ile nitakayowasimulia.

Kwenda Mgeta hutoka Morogoro mjini ukashika barabara ya Iringa. Ukifika Sangasanga unakunja kushoto, na hapo ndipo kupanda kunapoanza. Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Nyandira umekwisha kupita mita 1500. Jasho la bondeni hukauka njiani, na kabla hujafika unatafuta sweta. Mashamba yamechongwa kama ngazi kwenye miteremko mikali, na juu ya kila ngazi utaona kabichi, njegere, viazi na karoti. Ukisimama upande huu wa bonde na kutazama ng'ambo, utafikiri mtu aliyelima kule alifungwa kamba kiunoni asianguke.

Juu ya mashamba ndipo msitu unapoanza. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi huigonga milima hii na kumwaga mvua, na maji yake huingia mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam huunywa. Ndiyo maana tangu mwaka 2008 msitu wa Uluguru umekuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mtu haingii humo na panga kama aingiavyo shambani kwake.

Mke wangu ni mzaliwa wa huko. Basi likizo ilipofika, nilimchukua mwanangu mwenye miaka 14 twende kwa mjomba wake. Tulikusudia kulala katika hema pembeni mwa shamba usiku mmoja, na asubuhi tupande na mwongozaji mwenye kibali kuelekea nyanda za Lukwangule. Kwa safari hiyo nilinunua panga jipya. Lilikuwa zuri, nawaambieni! Bapa liling'aa kama kioo, na mpini wake ulikuwa wa plastiki nyeusi, laini mkononi. Nikalipeleka kwa kijana mwenye mashine ya kunolea, cheche zikaruka, na baada ya dakika mbili nikarudishiwa panga likiwa kali kama wembe. Njiani mwanangu aliniuliza mara tatu kama atalishika yeye. Nilimwahidi kwamba tukifika, yeye ndiye atakayekata kuni za kwanza.

Shemeji alitupokea kwa furaha. Mwanangu akamwamkia, "Shikamoo, mjomba," naye akamshika kichwa na kumpima urefu. Yafaa mjue kwamba kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti juu yake. Basi nilipotoa panga langu na kumpa kijana, shemeji alinyosha mkono akalichukua yeye.

"Shemeji, umelijaribu?" akaniuliza.

"Ni jipya," nikamjibu.

"Sikuuliza kama ni jipya."

Akaenda ndani, akarudi na panga lake mwenyewe. Nilitaka kucheka. Lilikuwa jeusi, limeliwa na tupa miaka mingi hata bapa likawa jembamba, na mpini wake wa mti alikuwa ameuchonga mwenyewe. Akayalaza mapanga yote mawili juu ya gogo, akamwita mpwa wake akae karibu. Mimi nikasimama nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa shule.

Kwanza alilinyanyua kila panga mbele ya jicho lake, makali yakielekea juu, akayatazama kuanzia mpini hadi ncha, kama fundi atazamavyo ubao. "Panga lililopinda litakwenda linakotaka lenyewe," alisema. Yote mawili yalikuwa yamenyoka.

Pili alizigandamiza ncha kwenye gogo na kuyakunja mapanga kidogo, polepole, uso wake ukiwa mbali. Yote mawili yalirudi na kunyoka. Akaeleza kwamba panga likibaki limepinda, chuma chake ni laini mno. Na likivunjika, kimekaushwa mno. Maneno yake ni ya kweli, nami nitawaongezea sababu. Chuma cha panga ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo sana, mara nyingi haifiki hata sehemu moja katika mia. Kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiweze kuwa kigumu kinapopashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kikazamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Lakini kikiachwa vivyo hivyo huvunjika kama chupa. Kwa hiyo hupashwa tena moto mdogo ili kipunguze ugumu na kupata unyumbufu. Kisu cha jikoni huachwa kigumu zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kukata nyama na vitunguu. Panga hupiga mti, na pengine jiwe, kwa hiyo lazima livumilie kishindo.

Tatu alichukua tupa. Aliipitisha kwenye makali ya panga lake la zamani, nayo tupa ikauma kwa shida, ikitoa sauti kavu. Kisha akaipitisha kwenye makali ya panga langu karibu na ncha. Tupa iliingia kama inayokwaruza sufuria. Akaniita nisogee. "Tazama rangi hii," akasema. Kweli, kandokando ya makali palikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya buluu, nami nalikuwa nimeuona na kudhani kuwa ni pambo.

Wasomaji wapenzi, ile buluu ilikuwa ushahidi juu yangu mimi. Chuma kilichong'arishwa kikifika joto la nyuzi kama 300 hugeuka buluu, na makali yaliyofika hapo kwa mashine hupoteza ugumu wake. Mashine ya kunolea inazunguka kwa kasi, na makali ni membamba, basi hupata moto upesi. Fundi mzuri huchovya panga majini kila mara na haliachi lipate moto usiovumilika kwa kidole. Mimi nilisimama pale nikashangilia cheche. Panga lilinunuliwa zima, likaharibiwa makali kabla ya kukata hata jani.

Nne alishika mpini wa panga lake akaugonga ubavuni kwa ngumi, akasikiliza. Ulimi wa chuma ulionekana wazi, umepita mpaka mwisho wa mpini, na misumari mitatu ilikuwa imeukaza. Aliposhika wangu alikunja uso. Plastiki ilifunika kila kitu. Hukuweza kujua kama ulimi wa chuma umefika mwisho au umekomea katikati. Akalitikisa karibu na sikio lake, akasema, "Hapa ndani kuna kitu kinacheza." Mimi nilikuwa nimeisikia sauti hiyo dukani, lakini niliona aibu kumuuliza muuzaji mbele za watu.

"Mjomba, sasa nikate?" mwanangu akauliza, maana alikuwa amechoka kungoja.

"Baba yako atakata kwanza. Wewe kaa kule nyuma ya jiwe."

Kijana alinitazama mimi kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi. Nusura nimwambie shemeji amwachie, apige mara mbili tu, asivunjike moyo. Methali husema, mwana akililia wembe mpe. Lakini nilikaa kimya, na kijana akaenda kukaa nyuma ya jiwe, amenuna.

Palikuwa na mkaratusi ulioangushwa mwezi uliotangulia, na matawi yake yalikuwa na unene wa mkono wa mtu mzima. Shemeji alipiga tawi moja kwa panga lake la zamani. Hakutumia nguvu nyingi. Alilinyanyua, akaacha uzito wa mbele ufanye kazi, akakata mshazari kutoka upande huu na upande huu, na kwa mapigo 9 tawi lilianguka. Nami nikashika langu. Pigo la tano makali yalikuwa yamekwisha kujikunja. Pigo la nane nilianza kutia nguvu kwa hasira. Pigo la kumi na moja mkono wangu ulibaki mwepesi ghafla. Nilikuwa nimeshika plastiki tupu.

Bapa liliruka likipiga filimbi hewani, likapita mahali alipokuwa amekaa mwanangu tulipokuwa tukijaribu kwa tupa, likaangukia ngazi ya chini, katikati ya kabichi, hatua kumi na tano kutoka nilipokuwa. Hakuna aliyesema neno. Shemeji aliteremka, akaliokota, akaja kuniwekea miguuni. Ulimi wa chuma haukuwa mrefu kuliko kidole changu cha kati.

Mwanangu alitoka nyuma ya jiwe, akautazama ule ulimi, kisha akaketi karibu na mjomba wake. Mimi nilikaa chini kwa sababu magoti yalikuwa yakinitetemeka. Mara nyingi husema ajali haina kinga. Siku ile nilijua kwamba mara nyingine tunalisema neno hilo ili tusiulizwe tulikuwa wapi wakati kinga ilipokuwa ikipita mbele yetu.

Jioni mvua ilikuja, kama ijavyo huko, bila kubisha hodi. Hema letu lilistahimili, lakini kuni zote zililowa, na baridi ya mlimani si ya mchezo. Hapo panga lile jeusi lilitufundisha somo la mwisho. Shemeji alisimamisha kipande cha gogo, akaweka makali juu yake, akaugonga mgongo wa panga kwa gongo mpaka gogo likapasuka. Ndani, kiini kilikuwa kikavu kabisa. Akampa mpwa wake panga mkononi. Akamwonyesha namna ya kukaa ili magoti yasiwe katika njia ya makali, na namna ya kuchonga vibanzi vyembamba akielekeza makali mbali na mwili. Kijana alichonga polepole, ulimi umetoka nje ya mdomo. Kiberiti cha pili kilishika moto. Tulikula viazi vya kuchoma, na mwanangu hakutaka kulala.

Asubuhi tulifuata mwongozaji mpaka mpaka wa msitu. Ukungu ulikuwa mzito, na mianzi na miti yenye ndevu za kuvu-mwani ilikuwa ikidondosha matone kama paa linalovuja. Panga lilibaki nyumbani. Kijana aliuliza kwa nini, naye mjomba wake akamjibu kwamba humo hakuna cha kukatwa, na anayejua kutumia panga anajua pia pa kuliacha.

Basi, ndugu msomaji, kabla jua halijatua leo, lichukue panga lako. Litazame kama limenyoka. Shika mpini ulitikise karibu na sikio, na ukisikia kitu kinacheza, usilitumie mpaka limetengenezwa. Ukinunua jipya, chagua lile ambalo ulimi wake wa chuma unauona mpaka mwisho, wala usione aibu kumuuliza muuzaji. Linoe kwa tupa au jiwe. Na kama lazima liende kwenye mashine, simama hapo na ndoo ya maji. Makali yafunike kwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Kwenye mteremko lishike kwa mkono wa upande wa bondeni, usiliweke begani. Ukimpa mwenzako, liweke chini aliokote mwenyewe. Na kabla ya kulinyanyua, tazama mbele na nyuma uone nani amekaa wapi.

Lile bapa langu lilipata mpini mpya. Shemeji aliliunga kwa fundi wa kijijini aliyeongeza ulimi wa chuma, tukaondoa makali yaliyoungua kwa tupa, kazi ya mchana mzima. Sasa haling'ai tena, lakini linakata. Limetundikwa ukutani kwetu, juu, na mwanangu hulishusha akitumwa. Kila akilishusha, kabla hajatoka nje, nasikia akilitikisa karibu na sikio lake.